Breki ya Lori Dogo la Amandu

Mdogo wangu Amandu ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, na atakayewaambia vingine hamjui. Mimi nilimbeba mgongoni tangu akiwa na meno mawili, kwa hiyo nina haki ya kusema. Naitwa Medina binti Kamisi. Nakaanga mandazi Koboko, mji wa mpakani karibu na Sudan, mkabala na stendi ya malori, na kwa miaka sita kibanda cha ufundi cha Amandu kilikuwa ubavuni mwa jiko langu, tumetenganishwa na ukuta wa mabati tu. Akipiga chafya kule, namwombea rehema huku bila kuinuka.

Baba yetu alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Serikali ilipoanguka mwaka 1979 alivua yunifomu, akakaa kimya Oli, pembeni mwa mji wa Arua, akilima viazi vitamu kando ya mto. Hakuwa na kitu cha maana ila redio moja ya betri sita. Ili apate stesheni za mbali alikuwa amefunga waya mrefu kutoka dirishani mpaka juu ya paa la jiko. Mwaka uliofuata jeshi jipya lilipoingia Arua, askari watatu waliuona ule waya. Wakamwuliza anaongea na nani ng'ambo. Baba akasema hii redio inasikiliza tu, haisemi. Hawakuamini. Basi akawafungulia mgongo wa redio, akawaonyesha koili hii, spika ile, akaeleza kila kitu taratibu, kwa heshima, kama mwalimu. Alipomaliza, mmoja akasema, "Mutu anajua hivi, ndiyo huyu tunatafuta." Wakaondoka naye. Hatukuona tena hata kiatu chake.

Tangu siku hiyo mimi ni mwoga, siwafichi. Nikiona waya umesimama juu ya kitu chochote, nabadilisha njia. Amandu alikuwa na miaka kumi na miwili, na yote aliyaona akiwa amesimama nyuma yangu. Lakini yeye alitoka na somo lingine kabisa. Eti baba hakueleza vya kutosha. Eti angewasha redio wakaisikia wenyewe, wangemwacha. Nilimwambia nyamaza, akanyamaza, lakini kunyamaza si kukubali.

Tulikimbilia Sudan, tukakaa kambi ya wakimbizi miaka sita, tukarudi mwaka 1986. Amandu akaingia gereji ya Severino pale Arua. Severino alikuwa mzee kutoka upande wa Kongo, mfupi, mwenye tumbo, na katika breki za malori hakuwa na mwenzake. Gereji yake ilikuwa na desturi moja iliyonikosesha usingizi. Lori likitengenezwa breki, linapandishwa juu ya mteremko. Dereva analiachia lishuke. Chini kule fundi anachora mstari barabarani, anasimama yeye mwenyewe nyuma ya mstari, mikono kiunoni, na dereva haruhusiwi kukanyaga breki mpaka fundi anyanyue mkono. Lori likisimama kwenye mstari, kazi imekubaliwa. Lisiposimama, basi tena. "Mutu ya breki haseme sana," Severino alikuwa akisema. "Anasimama mbele." Na Amandu alisimama mbele ya malori miaka minne, na kila nilipokwenda Arua kumwona nilimkuta ananenepa kwa kiburi.

Mume wangu alipofariki, Amandu alihamia Koboko ili nisikae peke yangu. Hilo namshukuru. Kazi ya malori ikapungua mwaka hadi mwaka, maana barabara ya Arua ilianza kuharibika kwa waasi na mabomu ya kutegwa ardhini, na dereva mwenye akili alikaa nyumbani. Amandu akageukia redio na kaseti. Hapo ndipo shetani alipopata mlango.

Mwaka 1996 mpishi wa wazungu wa misaada alimletea kitu kwenye kikapu. Lori la kuchezea, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole, linalokwenda kwa umeme wa betri na kuendeshwa kwa rimoti kutoka mbali. Mtoto wa mzungu alikuwa amelichezea mpaka likafa, wakasema litupwe. Rimoti ilikuwa na antena, na lori lenyewe lilikuwa na antena, waya mwembamba unaotikisika juu ya paa. Nilipouona ule waya niliacha mandazi yaungue.

"Tupa," nikamwambia.

"Dada, iko na mota nzima."

"Tupa chooni, Amandu. Kwa jina la baba."

Hakutupa. Alilifanyia kazi miezi mitatu, na kwa kuwa ukuta ni wa mabati, nililijua lori lile kwa masikio kabla ya macho. Gia zake za plastiki zilikuwa zimelika meno. Kwanza akafunga mkanda wa mpira wa kaseti kati ya mota na magurudumu. Ukaenda kimya, mzuri, lakini ukiweka mzigo na kulipandisha mlima, mkanda unateleza na magurudumu yanasimama huku mota inazunguka. Akajaribu gia za saa ya ukutani. Zile zilishika, kisha zikavunjika kama meno ya mzee kwenye muwa. Mwisho akapata gia za nailoni kutoka kwenye mashine ya fotokopi iliyokufa ofisini kwa wazungu, na hizo zikakubali. Akafurahi siku moja tu. Kesho yake akasema lori la kweli haliwezi kuvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake katika tope la Koboko, akachukua spoku ya baiskeli, akaifanya shafti inayounganisha mbele na nyuma, magurudumu yote yakawa yanatii mota moja.

Na breki? Hapo ndipo alipokuwa mtumwa. Lori la mtoto wa mzungu halikuwa na breki kabisa. Ukiachia rimoti linaserereka mpaka lichoke.

"Dada, njoo uone, lakini usiguse."

Nikaja na uma wangu mkononi. Akanieleza kama anavyoeleza siku zote, macho yanang'aa. Akasema njia ya kwanza ni kuigeuza mota irudi nyuma ghafla, lakini gia zinalia na siku moja zitakatika. Njia ya pili, ukikata umeme na kuunganisha waya mbili za mota, mota inajizuia yenyewe, inakuwa nzito. Inapunguza mwendo vizuri, ila kwenye mteremko haishiki, gari linateleza kidogo kidogo. Kwa hiyo akaongeza ya tatu. Juu ya shafti alikuwa ameweka kigurudumu cha uzi wa cherehani, na kukizungushia ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, unaokazwa na springi. Umeme ukienda kwenye mota, sumaku ndogo inalegeza ukanda. Umeme ukikatika, springi inakaza.

"Kama lori ya breki za upepo," akasema. "Upepo ikiisha, inakamata yenyewe. Breki nzuri ni ile inakamata ukiiacha."

"Moja tu kwa magurudumu manne?"

"Shafti ni moja. Ikishikwa, yote yameshikwa."

"Na hiyo moja ikikataa?"

"Haikatai. Labda ipate mafuta." Akautazama mkono wangu uliokuwa unang'aa kwa mafuta ya mandazi. "Wewe simama huko."

Nilisimama huko. Jioni ile alilishusha lori kwenye mteremko wa stendi likiwa na kilo ya chumvi mgongoni, na likasimama pale pale alipochora kwa kidole. Madereva walipiga makofi. Wanawake wa nyanya walipiga vigelegele. Mimi nilitazama nani mwingine anatazama, na nikamwona askari mmoja, chupa ya soda mkononi, amesahau kuinywa.

Wiki mbili baadaye gari la jeshi lilikanyaga bomu kwenye barabara ya Arua. Walikufa wangapi hatukuambiwa. Tuliambiwa jambo moja tu, nalo lilipita sokoni haraka kuliko bei ya sukari: bomu lile halikukanyagwa, lililipuliwa kwa rimoti. Kama ni kweli au si kweli, nani wa kuuliza? Jumamosi askari walimchukua Laku. Huyu Laku alikuwa fundi redio mwenzake Amandu, Msudani, mpole, kibanda chake upande wa pili wa soko. Kosa lake lilikuwa kufufua simu ya upepo iliyokufa, ile redio ya kuitana kutoka mbali. Mkewe Emilia alikwenda kambini kwa wanajeshi na chakula, akarudi nacho.

"Amandu," nikasema, "umesikia?"

"Laku hakuwaeleza vizuri."

Walahi, nilitaka kumchapa kwa uma wa moto.

Jumatatu walikuja kwetu. Luteni mmoja kijana, msafi, buti zake zimepigwa rangi mpaka unajiona, na askari wanne nyuma yake. Jina lake sikulijua na sikutaka kulijua. Hakupiga mtu, hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitia baridi. Alilinyanyua lori dogo kutoka mezani kwa Amandu, akaligeuza, akapuliza vumbi.

"Hii inaendeshwa na hewa?"

"Ndiyo, afande. Kwa rimoti."

"Inabeba kilo ngapi?"

"Moja na nusu, afande. Hata mbili, kama mwendo ni pole."

Nani alimwuliza kuhusu mbili? Nilikuwa mlangoni na sinia langu.

"Na unaweza kuisimamisha pale unataka?"

"Pale pale, afande. Si nusu ya mguu mbele, si nusu ya mguu nyuma."

Luteni akaliweka mezani kwa upole, akawageukia watu waliokusanyika nje. "Mmesikia," akasema. "Mutu anaweza kupeleka mzigo na hewa, na kuisimamisha chini ya gari pale anataka, huyo ndiye natafuta." Kisha akamwambia Amandu, "Kesho saa nne, kwa mteremko. Utanionyesha. Nikiona ni kweli, tutaenda pamoja kambini." Akaacha askari mmoja mlangoni, akaondoka.

Watu wote walielewa. Mtoto wa kunyonya angeelewa. Amandu peke yake hakuelewa! Aliketi, akachukua bisibisi, akaanza kukaza skrubu.

"Haribu," nikamnong'oneza kupitia mabati. "Vunja gia. Sema imekufa."

"Nikivunja watasema nimeficha."

"Basi lifanye lisisimame vizuri."

"Dada, wakiona kazi safi watajua mimi ni fundi. Mwasi hawezi kuwa na kazi safi hivi. Baba angewasha redio—"

"Baba alieleza mpaka akafa!"

Askari wa mlangoni akageuka. Nikajidai nakohoa. Nilirudi jikoni nikakaa juu ya gunia la unga, na niliogopa namna ambayo sijawahi kuogopa hata mwaka ule wa Oli, maana mwaka ule nilikuwa sijui kinachokuja. Safari hii nilikijua mpaka saa yake. Kukimbia hakukuwezekana na mlinzi mlangoni, na hata angeweza asingekimbia. Waliosema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio hawakukosea, nami nilikuwa nimekwisha kulia kilio cha nyumba yetu mara moja. Sikuwa na nguvu ya kulia cha pili.

Asubuhi nilikaanga mapema. Nilipeleka chai kibandani, na mandazi ya moto kwa askari, makubwa, mawili mawili. Askari alikuwa na njaa ya siku nyingi, maskini. Aliweka bunduki mapajani, akaanza kula. Amandu alikuwa amelala saa chache pale pale sakafuni. Akasema anaenda nyuma kunawa, akachukua kopo la maji, akatoka, na askari akainuka kumfuata mpaka kona, andazi mdomoni.

Lori lilikuwa mezani. Nililigeuza tumbo juu. Mikono ilitetemeka hivi kwamba magurudumu yaligonga meza, ka ka ka, nikadhani Koboko yote imesikia. Nikauona ule ukanda wa mpira juu ya kigurudumu cha uzi. Nikaupitishia kidole gumba changu, chenye mafuta ya jikoni, mara moja, kuzunguka. Nikalirudisha kama lilivyokuwa, nikakipangusa kidole kwenye kanga. Amandu aliporudi nilikuwa namimina chai, nusu kikombeni na nusu mezani.

"Unatetemeka nini?" akaniuliza. "Utaona leo."

Sasa nisikilizeni, maana watu hudhani nilipofanya lile nilipata nafuu. Sikupata. Njiani kuelekea mteremko ndipo nilipowaza jambo ambalo sikuliwaza jikoni: kama lori halitasimama, litakwenda wapi? Nilijiambia litaingia mtaroni. Nilijiambia Amandu atasimama chini mwenyewe, kama desturi ya Severino, limguse yeye, yaishe.

Amandu alichora mstari wake chini kwenye mteremko, pale ardhi ilipokuwa bado inashuka. Akasimama nyuma yake, mikono kiunoni, kama anangoja lori la tani saba. Luteni akamwangalia.

"Unafanya nini?"

"Fundi husimama mbele ya breki yake, afande."

"Leo fundi atasimama pembeni," luteni akasema. "Hapa nitasimama mimi." Akaweka buti zake mbili nyuma ya mstari, unene wa kidole tu. Kisha akaita askari, akachukua magazini iliyojaa risasi, akaifunga kwa kamba mgongoni mwa lori dogo. "Mzigo," akasema.

Ya Rabi! Likimgusa kwa risasi zake mwenyewe, mbele ya mji mzima, atafanya nini? Na lisipomgusa, nini? Nilitaka kupiga kelele kwamba ni mimi. Sauti haikutoka. Walikuwepo watu labda mia moja.

Askari aliliweka lori juu. Amandu akainua rimoti, antena ikameta juani. Lori likaanza kushuka. Gia za fotokopi zilikuwa zinaimba vizuri, sauti moja bila kukwama, na uso wa ndugu yangu ulikuwa wa mtu aliye harusini. Lilipobakiza hatua tatu akaachia kidole. Mota ikajizuia, lori likapunguza mwendo, likapunguza, likafika kwenye mstari na kusimama.

Lilisimama, nawaambia. Pumzi moja nzima. Nilimwona luteni akimtazama Amandu, na kichwa chake kikaanza kuinama taratibu, ndiyo, ndiyo, na askari mmoja akafungua pingu kiunoni. Nikajua mafuta yangu hayakutosha.

Kisha lori likateleza. Kidogo. Likasita, likateleza tena, magurudumu yakijizungusha taratibu, mzigo wa risasi ukilisukuma. Likavuka mstari. Likaja likagusa ncha ya buti la luteni, likaliegemea.

Amandu alikuwa anabonyeza rimoti, anaachia, anabonyeza, na kila akiachia lori linajikaza na kuteleza, likipiga buti lile lililong'aa, tu, tu, tu. Luteni alikuwa hatazami lori. Alikuwa anatazama watu, na uso wake haujachagua bado uwe wa namna gani. Nilimjua mtu wa namna hiyo. Akiona anachekwa ataua, na akiona ameogopewa ataua vilevile. Alitakiwa achekeshwe, yeye awe wa kucheka na mwingine awe wa kuchekwa.

Basi nikacheka. Mimi, wa kwanza, kwa sauti ya sokoni, mikono kichwani. "Ala! Afande, huyu ndiyo fundi? Huyu ndugu yangu? Miezi mitatu hanisaidii hata kuni, na gari yake haiwezi kusimama! Inakuja kubusu buti! Heee!" Nikajipiga mapaja. Mwanamke mmoja wa nyanya akanitazama, akanielewa, Mungu ambariki, akaanza naye. Kisha madereva. Kisha askari mwenye mandazi yangu tumboni. Mwisho luteni akatazama chini, akaliona lile lori linavyomgonga buti kama mbuzi mdogo anayetafuta titi, na meno yake yakaonekana.

"Huyu ndiye mliniambia?" akawauliza askari wake. "Huyu hawezi kulipua hata kuku." Akaliokota lori na rimoti. "Hii nitampelekea mtoto wangu. Wewe, nenda uzibe masufuria."

Wakaenda. Watu waliendelea kucheka muda mrefu, maana hofu ikitoka hutoka na kelele nyingi. Amandu alibaki amesimama pembeni ya mstari wake. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake, akiigeuzageuza.

Ndugu zangu, mngedhani ningemwambia jioni ile. Sikuthubutu! Namjua. Angevaa shati safi, angekwenda kambini kumwambia afande kwamba breki yake ilikuwa nzima ila ilipakwa mafuta na dada yake. Hilo si mzaha, angelifanya. Na lori hakuwa nalo ili alifungue ajionee mwenyewe. Nikasema nitamwambia luteni akihamishwa. Luteni alihamishwa, nikasema nitamwambia barabara ikitulia. Laku hakurudi, na kila nilipomwona Emilia akipita na watoto wake watatu, mdomo wangu ulijifunga wenyewe.

Amandu alifunga kibanda kabla ya mwezi kuisha. Hakugombana na mtu. Aligawa vifaa vyake, akaenda Ajia kwa wajomba zetu, akashika jembe. Malori yalirudi barabarani, Severino akazeeka, akatuma watu mara tatu kumwita aje ashike gereji. Mara tatu alikataa. Mwaka 1999 mzee yule alikuja kwangu mwenyewe, na mkongojo wake, tumbo limeisha.

"Anasema mikono yake imeharibika," Severino akaniambia. "Anasema siku ile alitetemeka wakati wa kukaza breki, na hakujua kama ametetemeka. Mutu akitetemeka bila kujua, ataua dereva. Mama Medina, mimi nilimwona huyu kijana miaka minne. Hatetemeki."

Sikulala. Asubuhi nilipanda lori mpaka Arua, na baiskeli mpaka Ajia. Nilimkuta shambani, anavuna muhogo, amekonda, mvi zimeanza. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanipotea. Nikasema nikiwa bado nimesimama, mkoba begani: "Ni mimi. Nilipaka mafuta kwenye mpira. Ulipokwenda kunawa."

Aliweka jembe chini.

"Kiasi gani?"

"Ya kidole gumba. Mara moja."

Akatazama mbali. Nilimwona anahesabu kichwani: mteremko, risasi, springi. Midomo inatikisika.

"Basi ingesimama," akasema.

"Ingesimama. Na wewe ungelala na Laku."

Akakaa chini juu ya udongo. Akalia, mwanaume wa miaka thelathini na moja, analia na mikono yake miwili ameiweka mbele yake juu ya magoti, anaitazama. Nilitaka kumshika bega, nikaogopa. Nilimwambia kila kitu, pingu zile ambazo hakuziona, kichwa cha luteni kilivyokuwa kinainama. Nikamwambia nilikuwa naogopa toka Oli mpaka siku hii ninayosimama mbele yake. Aliposikia yote akapangusa uso.

"Mafuta nimekusamehe," akasema. "Lakini ulicheka, dada. Ulicheka wa kwanza."

"Nilikuwa naogopa."

"Najua. Na bado nasikia."

Amandu yuko Arua sasa, gereji ya Severino ni yake. Madereva wageni wanamsifu mbele yangu bila kujua ni ndugu yangu. Mara moja kwa wiki huja Koboko na lori alilolitengeneza, anashuka, anavuka hadi jikoni kwangu, ananisalimu vizuri, anauliza afya yangu, anaacha sabuni au sukari. Kisha anarudi upande wa pili wa barabara, anaketi, anaagiza chai na mandazi kwa mwanamke mwingine. Inaniuma, walahi inaniuma. Lakini namtazama akinywa mpaka amalize kikombe, na siku akichelewa kufika nashindwa hata kukanda unga.